Maji Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Tulimzika Rebeka Jumanne, nyumbani kwake Nyasura, na waombolezaji walipoanza kunawa mikono kwa ajili ya chakula, nilifanya kile ambacho nimekifanya maisha yangu yote nikiingia kwenye nyumba ya watu: nikaangalia meza. Wengine wakija msibani huangalia nani amelia na nani macho makavu. Mimi huangalia kama kitambaa kimening'inia sawa pande zote, na katikati pamewekwa nini. Ni ugonjwa, nakubali. Chini ya turubai wanawe walikuwa wamepanga meza ndefu yenye kitambaa cheupe, vyombo vya chakula vimefunikwa, na katikati, peke yake, kibuyu cha maziwa chenye shanga shingoni, kimejaa maua. Nilivuta kiti cha plastiki kilichokuwa jirani nikakaa kwa kishindo. Binti mmoja akanikimbilia na maji ya kunywa akidhani ni jua. Halikuwa jua. Ilikuwa ni mwaka mmoja wa ujana wangu ambao nimeukimbia kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa ulikuwa umekaa mezani unanitazama.

Mwaka huo ulikuwa ule wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati mtu wa Musoma aliweza kuamka alfajiri kupanga foleni ya sabuni, akarudi saa saba na kiberiti, na akashukuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi na Rebeka tulikuwa miongoni mwa wasichana sita waliofundishwa mambo ya nyumbani na Mwalimu Eufrasia, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, sebuleni kwake Makoko. Nikifumba macho naiona sebule ile: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, dirisha la upande wa ziwa lililofungwa kila wadudu wa ziwani walipopanda kama moshi, kabati la vioo lenye vikombe sita ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, na harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa kwa jirani, harufu ambayo mwalimu aliilaani asubuhi na jioni. Alitufundisha kushona na kufuma. Alitufundisha kuoka keki bila mayai, halafu bila sukari. Vitu vya kupikia vilipokwisha kabisa, akatufundisha kupanga meza za wageni, kwa sababu, alisema, macho hayapangi foleni.

"Meza iwe na neno moja," alituambia, akigonga ubao wa meza kwa kidole. "Moja tu. Mgeni alisome kabla hujamwambia karibu. Ukiweka maneno mawili umepanga soko." Basi tukajifunza meza za neno moja. Mimi nilipanga meza ya ziwa: wavu mkuukuu uliofuliwa mara tatu badala ya kitambaa, mawe meupe ya ufukweni, na sahani za bati katikati yake. Rebeka alipanga meza ya pamba, vitumba vilivyopasuka juu ya gunia lililopigwa pasi, na mwalimu akavua miwani akaifuta, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kupiga makofi. Habari zikafika Mwisenge, ambako wake wa maofisa na wafanyabiashara walikuwa wakialikana Jumamosi mchana, nami nikaanza kuitwa kwenda kuwapangia. Hapo ndipo nilipoona jambo moja la ajabu: kadiri chakula kilivyopungua, ndivyo meza zilivyozidi kupendeza. Niliwahi kupanga meza ya mavuno, masuke ya mtama na ulezi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye kila sahani kulikuwa na kipande cha muhogo na samaki mmoja wa furu, mdogo kuliko uma. Wageni waliisifu meza nusu saa nzima ili wasimtazame mwenzao aliyekuwa na aibu ya sahani. "Mwenzangu, sukari umeitoa wapi?" mmoja alinong'ona. "Wewe kunywa tu, usiniulizege," mwenye nyumba akamjibu, na wote wakacheka kwa nguvu kupita kiasi. Mimi nilisimama mlangoni na kuamini kwamba wanacheka kwa raha, na kwamba raha hiyo imetoka mikononi mwangu. Kichwa kilinivimba mwaka ule. Wakaniita binti wa meza, nami nikaitika.

Rebeka hakuvimba kichwa. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na akicheka alijifunika mdomo kwa kiganja kwa sababu ya pengo la jino. Alikuwa amempata Magesa, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Butiama, mtu mpole aliyempandia baiskeli kutoka huko hadi Makoko kumletea karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Alimpenda, na hakuficha. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa. Kilichobaki ilikuwa ni watu wa Magesa kufika Nyasura, kula nyumbani kwa kina Rebeka, na kutaja siku ya kuleta ng'ombe. Hao ng'ombe walikuwa na uzito ambao mimi, mtoto wa wavuvi, sikuuelewa. Mwaka uliotangulia wezi wa mifugo walikuwa wamelisafisha zizi la kwao Rebeka lote, hawakuacha hata ndama. Kwa Magesa nako walikuwa wamepita, wakabakiza wachache. Hao wachache ndio wangegawanywa kwa ajili ya Rebeka.

"Vero, uje unipangie," Rebeka aliniambia tukikunja vitambaa. "Kwetu tunakulaga chini kwenye mikeka, wanaume huku, wanawake kule. Lakini Magesa amewaambia kwao nimesoma. Nataka senge yake aone." Senge ni shangazi, dada wa baba, na kwa watu wale yeye ndiye mwenye kauli. "Senge akisema ndiyo, ng'ombe wanakuja. Akisema hapana, hata baba yake Magesa ananyamazaga."

"Nipange neno gani?"

"Mimi nitakuwa ndani nasukwa, sitoki mpaka niitwe. We panga. Wewe ndo unajuaga."

Nilifika Nyasura siku mbili kabla, juu ya lori lililokuwa likifuata pamba, nikiwa na kikapu cha sato wa kukaushwa na kitambaa changu bora, kile nilichokitarizi mwenyewe kwa uzi niliofumua kwenye magunia ya unga. Katikati yake niliandika KARIBU WAGENI kwa herufi nyekundu. Mama yake Rebeka alinipokea kama mwanawe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, miguu imepasuka kwa shamba, na alinipa kitanda chake akalala chini na Rebeka. Asubuhi ya kwanza nilimkuta jikoni amechuchumaa mbele ya kaa la moto. Alikuwa ameshika kibuyu kirefu cha maziwa, akiingiza kijiti kinachofuka moshi ndani yake, akikitoa, akikiingiza tena, halafu akakifunika mdomo kwa kiganja ili moshi ukae. Kisha akakipaka samli kidogo kwa nje na kukirudisha ukutani, kwenye mkanda wake wa ngozi. Kibuyu kilikuwa kitupu. Nyumba ile haikuwa na tone la maziwa tangu wizi. Nilimtazama nikafikiri ni desturi nzuri, na harufu nzuri, na shanga zile za bluu na nyeupe zingependeza sana juu ya kitambaa. Sikuuliza anafukizia nini kibuyu kitupu. Ningeuliza, angeniambia, hakuwa mchoyo wa maneno kwa anayeyataka. Nimeyapitia mambo mengi ya siku zile, na hilo ndilo ninaloanza nalo kila mara: nilimwona, na sikuuliza.

Siku yenyewe mama alikwenda kwa jirani kuazima viti, wanaume walikuwa nje wakichoma nyama, na Rebeka alikuwa chumba cha ndani na msusi. Sebule ikawa yangu. Neno nilikuwa nimelipata usiku, likanifanya nitabasamu peke yangu: ng'ombe. Wageni wanaleta ng'ombe, basi meza iwaambie tumewasubiri. Nilitandika kitambaa. Nilipanga vijiti vya mchungaji pembeni, nikaweka kengele moja ya shingoni niliyoiokota zizini, nikazungushia majani mabichi. Katikati paliita kitu kirefu. Nilikitoa kile kibuyu ukutani. Nje kulikuwa na bogonvilia jekundu linalong'aa, na kila mtu aliyewahi kukata bogonvilia anajua linanyauka kabla hujageuka. Kwa hiyo nilichota maji ya mtungi, nikayamimina ndani ya kibuyu hadi shingoni, nikapachika maua. Nakumbuka sauti ya maji yakiingia. Nakumbuka moshi mtamu ulionijia puani maji yalipousukuma nje. Nilirudi nyuma hatua tatu kama tulivyofundishwa, nikaikagua meza, nikaona haijapata kutokea meza nzuri kama ile.

Wageni waliingia saa nane. Walikuwa saba, Magesa akiwa mmoja wao, na mbele alitembea senge, mama mrefu mwenye kitenge cha heshima na viatu vya raba. Alisimama mlangoni, akaitazama meza, akatabasamu. "Nani amepanga hivi?" aliuliza, na mama yake Rebeka, aliyekuwa nyuma yao na viti vya kuazima, akasema kwa fahari, kabla hajachungulia ndani, "Watoto wetu, wamesomea." Senge akasoma KARIBU WAGENI kwa sauti, silabi kwa silabi. Akaigusa kengele. Kisha nikaona macho yake yakishuka kwenye kitambaa. Chini ya kibuyu palikuwa na duara la maji, na duara lilikuwa linapanuka, wekundu wa herufi zangu ukiyeyuka ndani yake. Senge akayatoa maua taratibu, akayalaza kando. Akakiinua kibuyu, akakitikisa karibu na sikio. Sebule nzima ikasikia maji. Mama yake Rebeka aliweka viti chini kimoja kimoja, na uso wake sitaki kuueleza.

"Aitwe msichana," senge alisema.

Rebeka akatoka amesukwa, amevaa gauni jipya la kitambaa cha shuka, akapiga magoti. "Shikamoo senge." Senge hakuitika. "Sisi watu wa ng'ombe," alisema, sauti yake ya chini kabisa, "kibuyu cha maziwa hatukitiagi maji. Hata mtoto anajua. Anayetia maji anawaombea ng'ombe wafe. Wetu tumebakiza wachache, na hao tulikuwa tunawaleta hapa. Nani ametia maji?"

Rebeka alikitazama kibuyu, akamtazama mama yake, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa jikoni na mikono nyuma. Kulikuwa na muda wa kutosha. Nimeupima muda ule mara nyingi, ulitosha mtu kusema, "Senge, ni mimi, mimi ni wa ziwani, sikujua." Maneno manane. Lakini senge alikuwa ameisifu meza, wageni saba walikuwa wakitazama, na binti wa meza hakuweza kuvumilia kuwa mjinga mbele ya watu. Niliangalia sakafu.

"Ni mimi, senge," Rebeka akasema. "Nisameheni."

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Walikaa kidogo kwa adabu, hawakugusa sato wangu wala nyama, kisha senge akasema watashauriana na watarudi. Magesa alikuwa wa mwisho kutoka. Alinikuta kwenye mlango wa uzio, nimejificha pale nikijifanya nakusanya majani. "Vero, niambie ukweli," alisema. "Rebeka amekulia kwenye ng'ombe, hawezi kufanya kile kitu. Ni wewe? Kama ni wewe, nikimbie sasa hivi nimwambie senge. Atacheka tu. Atasema mtoto wa wavuvi angejulia wapi, watakifukiza kibuyu na yataisha." Alinifungulia kabisa mlango wa kukiri. Kilichobaki ni mimi kupita tu. Nikamwambia, "Mimi niliweka maua tu."

Alinitazama kidogo, akaamini, au akataka kuniamini; akaondoka. Nikarudi ndani nikakuta mama yake Rebeka amekwisha kuyamwaga maji na amekigeuza kibuyu juani. Rebeka alikuwa anafua kitambaa changu. Nilitaka anipige, anitukane, anitimue. Alisema, "Wekundu hautoki, Vero, umeshika," kana kwamba hilo ndilo tatizo. Nikamwuliza kwa nini amejisingizia. Akajifunika mdomo kwa kiganja kama anavyocheka, ila hakuwa anacheka. "Wewe mgeni wetu," alisema. "Ningekuonyesha kidole mbele ya watu? Nilifikiri utasema mwenyewe." Hakuongeza neno, hapo wala baadaye. Kesho yake mama yake alinisindikiza hadi barabarani, akanipa kuku, akaniambia, "Ulipanga vizuri, mwanangu." Kibuyu alikifukiza wiki tatu, nilikuja kuambiwa, lakini kilikuwa kimeshika uvundo, na siku moja kikapasuka.

Wageni hawakurudi. Magesa alioa kwingine kabla ya mvua za vuli. Rebeka alikaa miaka minne, kisha akaolewa na karani wa pamba aliyemzidi umri sana, wakajenga hapo hapo Nyasura. Alimzalia watoto watano na kumuuguza mpaka mwisho. Sijui kama alikuwa na furaha. Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwuliza. Mimi mambo yalininyookea. Ilipofika enzi ya ruksa, maduka yakajaa, glasi za Kichina na maua ya plastiki yakashuka Musoma kwa mabunda, na mimi nikawa wa kwanza mjini kupamba meza kwa maua yasiyotaka maji. Watu walisema nina jicho la mbele, nimeuona mtindo kabla haujafika. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kumimina maji kwenye chombo chochote cha meza bila kusikia sauti ile. Rebeka alikuwa akija sokoni Musoma mara moja moja, anapitia kwangu Mwisenge, anakunywa chai ya sukari tele. "Unapangaga bado?" ananiuliza. "Napanga." "Nakusikiaga, unasifiwa." Kila safari nilisema moyoni, leo nitaomba msamaha. Kila safari nilimwongezea chai. Mara ya mwisho alikuja na fimbo, mguu umevimba, akanitazama muda mrefu juu ya kikombe. Nadhani alikuwa ananisubiri, kama alivyonisubiri siku ile sebuleni kwao. Nikamwuliza kama anataka mkate.

Binti aliyeniletea maji msibani alikuwa Nyamisi, mtoto wake wa tatu, ana pengo lile lile la jino. Aliponiona nakitazama kibuyu, akachuchumaa kando ya kiti changu. Alifurahi, maskini, alidhani ninakagua kazi yake kama fundi. "Mama mkubwa, nimekosea wapi?" aliuliza. "Maua ni ya plastiki, niliyatafuta makusudi. Mama alikuwaga mkali sana kwa hilo. Alitwambia, kibuyu cha maziwa pamba utakavyo, ila maji usitie. Tulipomwuliza kafundishwa na nani kupamba, akasema ni rafiki yake wa Musoma, Vero. Alisema hakuna anayejua meza kama wewe." Akaniinamia karibu zaidi. "Kwa hiyo hii nimeifanya kwa ajili yako pia."

Watu walikuwa wameanza kupakua. Kwenye viti vya wazee, upande wa pili wa turubai, alikaa mzee mwenye kofia na baiskeli imeegemezwa kwenye mti nyuma yake, naye alikuwa ameweka sahani magotini bila kula. Sikuwa nimemwona Magesa tangu mlango ule wa uzio. Nilimshika Nyamisi mkono, akanisaidia kuinuka, nikamwambia tutembee mpaka pale kwa yule mzee, kwa sababu nina jambo la kusema, na ninataka yeye pia alisikie, mtoto wa Rebeka. Tulifika. Mzee akainua uso, akanitambua, akavua kofia.

"Shikamoo mwalimu," nikasema. "Maji niliyatia mimi."